Vipande vya Mtu Asiyekula Simsim

Kila asubuhi, kabla hajaweka chai motoni, Agneta Nakhumicha alijidunga kidole. Alikuwa na kipima sukari kidogo cha mkononi, kile ambacho wagonjwa wengi wa kisukari siku hizi wanacho nyumbani. Aliminya tone la damu, akasoma namba, akaiandika kwenye daftari. Kisha alikula kipande kimoja alichooka jana yake, kikavu hivyo hivyo, akakaa kungoja. Baada ya nusu saa alijidunga tena. Baada ya saa moja tena. Baada ya saa mbili tena. Mwili wa kujaribia ulikuwa mmoja tu mle ndani, na ulikuwa wake.

Aliishi Matisi, Kitale, katika vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kimoja kilikuwa cha kulala. Kingine kilikuwa na oveni ya gesi, mizani, meza ndefu ya mbao na ndoo za plastiki zenye vifuniko: wimbi, mtama, soya, njugu karanga, mbegu za malenge, simsim, ndizi zilizokaushwa. Humo ndimo alimotengenezea vitu vyake. Yeye aliviita vipande. Majirani waliviita kashata za Agneta, ingawa mtu aliyetarajia utamu wa kashata angekitema cha kwanza.

Kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Kiptum, kijana wa Endebess aliyekimbia mbio ndefu, alikuwa na chake chenye ndizi kavu, sukari nguru na chumvi kidogo, cha kuliwa kabla ya kilomita thelathini za mlima. Chepkorir, aliyekuwa akinyonyesha mapacha, alikuwa na chake chenye njugu na mbegu za mchicha, kikubwa kama sabuni, kwa sababu wale watoto walikuwa wanammaliza. Mzee Waithaka, mgonjwa wa figo, alimsumbua kuliko wote. Karibu kila kitu kizuri kwa mtu mwingine kilikuwa kibaya kwake, na Agneta alikataa kumwokea hata kimoja mpaka alete orodha ya vyakula kutoka kwa mtaalamu wa kliniki yake.

Maarifa hayo aliyapata Lugulu. Alifanya kazi miaka kumi na minane katika jiko la wagonjwa pale hospitali ya misheni, akianza kwa kumenya viazi. Bibi lishe mmoja aitwaye Pauline alimwona anauliza maswali mengi kuliko wapishi wengine, akaanza kumfundisha. Kwa nini watu wawili wanakunywa uji wa sufuria moja, mmoja sukari yake inapanda kama moto wa nyasi kavu na mwingine hata haitikisiki? Kwa nini huyu ananenepa na yule anakonda? Agneta alijaza madaftari sita. Pauline alipohamishwa, alimwachia mizani yake.

Aliondoka Lugulu miaka kumi na moja iliyopita, baada ya mume wake kuondoka. Huyo mume, Mukhisa, alikuwa fundi wa mashine za posho. Walikaa pamoja miaka kumi na tisa na watoto hawakuja. Mukhisa hakupiga kelele wala hakumfukuza. Alihama kidogo kidogo. Kwanza sanduku la zana, ati kazi imekuwa nyingi upande wa Bungoma. Halafu koti la kanisani. Halafu redio. Siku moja Agneta alifungua kabati akakuta viango vya nguo vinaning'inia vitupu, akaelewa. Watu wa Lugulu walimwonea huruma sana, na huruma hiyo ndiyo iliyomhamisha. Kitale hakuna aliyejua habari zake.

Hakuna aliyejua, wala hakuna aliyeuliza. Wateja walikuja, wakaketi kwenye kiti cha plastiki, wakamweleza habari za matumbo yao, usingizi wao, hedhi zao, hofu zao. Agneta aliandika yote. Kisha walichukua vipande vyao wakaenda zao. Wa mbali walimtumia vipimo kwa simu. Ukifungua simu yake ungekuta namba tupu: 6.8. 9.1 baada ya chakula. 5.4 leo. Kuna wiki nzima zilizopita bila mtu kumwandikia neno lenye herufi.

Mwaka jana, mwezi wa tano, mvua ikiwa imeshika, mwanamke mmoja alibisha mlangoni. Alikuwa wa miaka arobaini hivi, amevaa sweta la kijani, mwavuli unamchuruzika.

"Habari ya leo, mama," alisema. "Wewe ndiye Agneta wa vipande?"

"Ndiye mimi. Karibu ukae. Huo mwavuli weka tu hapo nje."

Mgeni alijitambulisha kuwa ni Phelista, kutoka Bungoma. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani.

"Nimetumwa na ndugu yangu," alisema. "Ako na ugonjwa wa sukali. Anadunga sindano ya insulini kila asubuhi. Sasa shida, hiyo sukali inamwangusha. Ikifika saa tano, mikono inatetemeka, jasho, anaongea maneno hayaeleweki."

Agneta alifungua ukurasa mpya. "Ana miaka mingapi?"

"Sitini na moja."

"Anafanya kazi gani?"

"Anatengeneza mashine za posho. Anaitwa huku, anaitwa kule. Akishika kazi hawezi kumbuka chakula, hata umpigie simu."

Kalamu ya Agneta ilipunguza mwendo, lakini mafundi wa mashine za posho ni wengi.

"Meno yake?"

"Anatafuna upande mmoja tu. Huu wa kushoto jino lilivunjika zamani, mkanda wa mashine ulikatika ukamgonga."

"Na kuna chakula kinachomkataa?"

"Simsim," Phelista alisema haraka. "Simsim usiweke hata kidogo, mama. Koo inamuwasha, anakohoa mpaka machozi."

Agneta aliikumbuka siku ya ule mkanda. Yeye ndiye aliyemshikia Mukhisa kitambaa cha maji baridi shavuni, na yeye ndiye aliyeliokota lile jino kwenye vumbi la unga. Alijua pia kikohozi cha simsim. Alimtazama mwanamke aliye mbele yake, naye Phelista akatazama sakafu, na katika kule kuinamisha macho Agneta alipata jibu la swali ambalo hakuwa ameliuliza. Huyu hakutumwa na ndugu yeyote.

"Jina lake?" aliuliza.

Phelista alisita. "Andika tu Khisa."

Agneta akaandika Khisa. Alieleza kwamba atajaribu, kwamba dawa ni ya daktari na yeye hagusi dawa, kwamba atahitaji vipimo kila asubuhi saa moja na kila baada ya kula. Waandike, watume. Phelista aliahidi.

Alipoondoka, Agneta alikaa palepale mpaka mvua ikakatika. Alijisikiliza kama mtu anayetafuta panapouma, na hakupata hasira aliyoitegemea. Alichopata ni kitu kama njaa.

Kipande cha kwanza alikitengeneza kwa wimbi, shayiri na asali. Alikijaribu mwenyewe, kikakaa vizuri. Alituma kumi na vinne Bungoma. Siku ya tatu namba ikarudi: 14.2. Mwili wake ulikuwa umemdanganya, kwa maana mwili usio na ugonjwa una namna yake ya kusamehe. Alipunguza asali nusu. Akaongeza njugu, mbegu za malenge na unga wa soya, ili sukari iingie kwenye damu polepole. 11.6. Akaondoa asali iliyobaki, akatumia boga lililopondwa. Kikawa bora zaidi, ila kigumu. Alikaa na kile kipande mkononi akijaribu kukitafuna kwa upande wa kulia peke yake, kisha akalirudia zoezi lote tangu mwanzo: akaliloweka wimbi usiku kucha, akasaga njugu badala ya kuziponda, akafunga kwa ute wa yai. Kilipotoka motoni kilikuwa laini kama mkate wa jana. 8.3, Phelista aliandika baada ya siku mbili. Na kwa mara ya kwanza aliongeza neno: *Amependa.*

Agneta alilisoma neno hilo mara nyingi kuliko alivyopaswa.

Kisha ikaja asubuhi moja ya mwezi wa saba. Simu ililia saa nne na nusu, alipokuwa akipima mtama wa mteja mwingine. Ilikuwa Phelista, na sauti yake ilikuwa imepanda juu.

"Mama, amekaa hapa mlangoni, amelowa jasho, ananiita jina si langu. Nimempa kipande lakini hapati nafuu!"

"Anaweza kumeza?"

"Anaweza."

"Achana na kipande. Kile kina njugu, kitachelewa tumboni. Una soda nyumbani? Si ile ya watu wa sukari, soda ya kawaida."

"Hakuna. Kuna sukali tu ya chai."

"Koroga vijiko vitatu kwenye maji nusu kikombe, umnyweshe polepole akiwa amekaa. Usikate simu."

Agneta alisikia kijiko kikigonga kikombe. Alisikia kuku. Alisikia Phelista akibembeleza, "Kunywa, baba, kunywa tu hii." Zikapita dakika kumi na tano, akirudia kuuliza kama anameza, kama macho yanatazama. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, unga wa mtama umemjaa viganjani. Halafu, nyuma ya pumzi za Phelista, ilikuja sauti ya mwanamume, nzito na yenye kuchoka, sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka kumi na moja.

"Ni nani huyo unaongea naye?"

"Ni daktari wa Kitale," Phelista alisema.

"Mwambie asante."

"Anasema asante," Phelista alisema kwenye simu.

"Nimesikia," Agneta alijibu. "Sasa ndiyo ale kile kipande. Na leo mpeleke kliniki, uwaambie kilichotokea, waangalie upya ile sindano."

Alikata simu, akaketi kwenye ndoo ya wimbi. Mukhisa alikuwa amemwita Phelista jina si lake. Phelista hakusema ni jina gani, na Agneta alijua kwamba hatauliza kamwe.

Tangu siku hiyo alituma vipande vya aina mbili. Vile vikubwa vilikuwa vya saa nne, vya kuliwa kabla sukari haijashuka. Vingine vilikuwa vidogo kama tofi, sukari nguru tupu iliyokaushwa na unga kidogo, na kila kimoja alikifunga kwa uzi mwekundu. Aliandika kwa herufi kubwa: CHA UZI MWEKUNDU NI CHA KUTETEMEKA. KIWE MFUKONI SIKU ZOTE.

Kliniki walimpunguzia insulini. Vipimo vikatulia. Saba, sita na nusu, saba na kitu. Kila siku saa moja asubuhi simu ilitoa mlio, na Agneta alizoea kuweka kikombe mezani lakini asimimine chai mpaka namba ifike. Ikifika, alimimina. Ikiwa nzuri, alijua kwamba Mukhisa amelala vizuri, kwamba jana hakukorofishana na mtu kuhusu kazi, kwamba ameamka na sasa hivi anatafuta kofia yake. Ikiwa juu kidogo, alijua kulikuwa na mazishi mahali, amekunywa soda. Walikuwa wameoana miaka kumi na tisa na hakuwahi kumfahamu kwa undani kama huo. Yeye Mukhisa hakujua lolote. Agneta alijua kwamba jambo hilo halikuwa sawa kabisa, lakini alimimina chai yake na kuinywa, na kwa dakika hizo chache meza ile ndefu haikuwa ndefu sana.

Mwezi wa tisa namba zilianza kuruka siku. Phelista aliandika kwamba vipande vilivyobaki vinatosha, asitume vingine kwanza. Halafu hazikuja kabisa. Siku moja, mbili, tatu. Agneta aliandika, *Hamjambo huko?* Ujumbe ulifika, haukujibiwa. Alipiga simu, ikalia mpaka ikakatika. Siku ya nne chai ilipoa katika birika. Siku ya tano alivaa gauni lake la kanisani, akafunga mlango, akasafiri kwenda Bungoma.

Nyumba hakuihangaikia sana. Upande wa Kanduyi, alikokuwa akituma vipande, mtu wa kwanza aliyemuuliza alimjua fundi wa posho. Njia nzima Agneta alikuwa akijipangia maneno ya matanga, nani atampokea, na yeye atasema ni nani. Alipofika langoni hakuona hema wala viti vilivyopangwa. Aliona kuku, nguo za shule kwenye kamba, na mwanamume aliyekonda amekaa kwenye kigoda, ameshika chekeche la mashine ya posho, analinyoosha kwa nyundo ndogo.

Aliinua uso. Nyundo ikasimama.

"Agneta?"

"Mukhisa. Hamjambo?"

"Hatujambo." Alisimama, akatafuta pa kuweka nyundo, akaiweka chini. "Ni nini? Kuna mtu amefariki?"

"Hapana. Nilikuja kuona tu kama mko."

Phelista alitoka jikoni akifuta mikono, akamwona, akabaki amesimama. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayetua mzigo, "Karibu, mama. Ingia. Baba, huyu ndiye daktari wa Kitale."

Mukhisa alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Ati nini?"

"Mimi si daktari," Agneta alisema.

Waliingia. Phelista alileta chai na sahani. Juu ya sahani kulikuwa na vipande, vya rangi ya kahawia, vimekatwa sawasawa kwa kisu. Agneta aliviona na akaelewa kabla hajaambiwa.

"Simu yangu iliingia maji, kioo kikazima ikawa inalia tu, nimeitengeneza jana," Phelista alisema. "Lakini pia niliona aibu, siwezi kudanganya. Nilikuwa nikivimegua vile vyako naangalia ndani kuna nini. Nikajaribu mara ya kwanza, vikavunjika. Nikajaribu tena. Sasa ni wiki tatu anakula vyangu, na vipimo viko chini. Singejua nikuambie aje. Hata kile kitu cha ndugu yangu, nilipoambiwa jina lako nilijua wewe ni nani, na ukisikia ni yeye utakataa."

"Nilijua siku ile ile," Agneta alisema. "Uliposema simsim."

Phelista alifunika mdomo kwa mkono. Mukhisa alikuwa ameinamia kikombe chake, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi, kama zamani alipopata haya.

Agneta alichukua kipande kimoja, akakila polepole. Palikuwa na wimbi, njugu, boga. Palikuwa na asali pia, zaidi kidogo. Lakini kilikuwa kimeokwa vizuri, kwenye sufuria juu ya makaa, bila oveni, na kilikuwa laini. Mtu aliyekioka alikuwa amefikiria lile jino.

Angeweza kusema kina kasoro, na isingekuwa uongo. Angeweza kusema ni hatari kucheza na mambo haya, waendelee kununua vyake, na saa moja asubuhi simu ingelia tena. Mawazo hayo yote yalimpitia. Alimeza.

"Nipe karatasi," alisema.

Phelista alileta daftari la mtoto. Agneta aliandika kila kitu kwa gramu, akageuza kwa vikombe na vijiko kwa sababu mizani haikuwapo. Aliandika wimbi lilowekwe kwa saa ngapi. Aliandika asali itoke, boga linatosha. Aliandika namna ya kutengeneza vile vya uzi mwekundu, na kwamba mtu anayetetemeka apewe kitu kitamu kwanza, kipande baadaye, na asiyeweza kumeza asipewe chochote ila akimbizwe hospitali. Kurasa tatu.

"Unaniachia yote?" Phelista aliuliza.

"Yote. Mimi nikiwa nayo itanisaidia nini? Ni ya mwili wake peke yake. Hakuna mtu mwingine hapa duniani anaweza kuitumia."

Mukhisa alimsindikiza mpaka barabarani. Alitembea kwa hatua fupi kuliko alivyokuwa akitembea. Walipita uzio wa michongoma na kibanda cha kuchaji simu. Kisha aliuliza, akitazama mbele:

"Na wewe huko Kitale, huwa unakula na nani?"

Wateja walikuwa wamemuuliza Agneta habari za kila chakula kilichoko duniani, lakini si hilo.

"Na watu," alisema. "Nyumba yangu haikosi watu."

Mukhisa aliitikia kwa kichwa mara mbili tatu, akiangalia viatu vyake. "Ni vizuri," alisema. "Asante kwa ile ya mwezi wa saba. Singekuwa hapa." Akampa mkono, wakaagana kama watu waliokutana kwenye mkutano.

Hajarudi Bungoma tangu siku hiyo. Kazi ipo, na imeongezeka. Kiptum alimaliza wa nne katika mbio za Eldoret akamletea picha. Mzee Waithaka alileta orodha yake hatimaye, na Agneta alihangaika naye mwezi mzima mpaka akapata kipande cha unga wa mchele ambacho figo zake ziliweza kukivumilia. Asubuhi anamimina chai mara tu inapochemka.

Mwezi wa kumi na mbili Phelista alimwandikia. Mbegu za malenge zimekosekana sokoni, alisema, je, alizeti zinaweza kuwekwa badala yake? Agneta alijibu kwamba zinafaa, mradi zikaangwe kidogo tu na zisiwe na chumvi, akamsalimia yeye na watoto na baba yao, akawatakia Krismasi njema. Alikaa na simu mkononi akingoja.

Baada ya muda Phelista alirudisha ile picha ndogo ya kidole gumba kilichoinuliwa, bila neno.